Picha za mtaani ziingie kwenye somo la sanaa au tubaki na chungu na ndizi?

Mwalimu wa sanaa, Busia

Wakuu habari zenu. Kuna ubishi hapa stafrumu kwetu naomba tuumwage hapa. Juzi nilitoa S.3 wangu (sekondari mwaka wa tatu, hapa Uganda) nje na madaftari, tukasimama mbele ya duka moja ambalo kampuni ya simu imelipaka njano ukuta mzima, nikawaambia wachore halafu nikawauliza: rangi amelipia nani, mwenye duka kapata nini, na mbona jina la duka ni dogo kuliko la kampuni? Basi. Hata wale wa nyuma ambao penseli kwao ni adhabu waliongea, msichana mmoja akasema "huyu mzee kafanywa bango na bado kodi analipa yeye." Sasa mwenzangu anasema hiyo ni soga sio sanaa, watoto warudi wachore chungu na ndizi juu ya kitambaa, kivuli kikae mahali pake, maksi ziende.

Mimi nasema kusoma picha ni nusu ya somo. Mtoto anaona mabango, stika za boda, maandishi nyuma ya takisi, TikTok usiku kucha, na hakuna mtu anamfundisha kuuliza hii picha inataka nini kwangu. Mtaala mpya ulianza 2020, na tangu mtihani wa 2024 asilimia 20 inatoka kwa kazi za darasani, 80 ni mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Hiyo 20 ndiyo mlango. Nampa picha, anaisoma mbele yangu, namng'ang'ania na maswali. Kama anaipenda au haipendi hainihusu, nataka anionyeshe ushahidi ndani ya picha yenyewe. Mnasemaje?

Mzazi, Tororo

Mwalimu nakuheshimu lakini S.1 masomo ni 12 na la kuchagua ni moja tu, wa kwangu kaacha kompyuta kachukua sanaa, nimenunua rangi, brashi, karatasi zile nzito, halafu nasikia wanasimama barabarani kujadili matangazo? Hayo si wangejadili kwenye Kiingereza bure? Na hiyo 20 tusidanganyane, nani atampa mwanafunzi wake 8 wakati anajua shule jirani wanagawa 19. Kivuli cha chungu angalau nakiona kwa macho kama kimekosewa.

Fundi wa vibao, Mbale

Naandika vibao tangu ujana, saluni, bucha, shule, mpaka mashine za kuprinti mabango zikaja zikatubana shingo. Ukitaka kujua picha inavyofanya kazi njoo kwangu. Kwanza napiga mstari kwa uzi wenye chaki, napima herufi, herufi nyekundu naiwekea kivuli cheusi upande mmoja ili dereva aisome akiwa mbali, kichwa cha saluni nakipaka shingo ndefu kidogo ili nywele zionekane. Hayo yote ni maamuzi, siyo maneno matupu. Kwa hiyo mwalimu niko na wewe nusu. Mtoto anayechambua tangazo vizuri halafu hawezi kuvuta mguu wa herufi R ukanyooka, huyo ni mteja mjanja tu, hajawa msanii.

Nilisoma sanaa Makerere

Ubishi huu ni mkongwe kuliko sisi wote. Margaret Trowell alipoanzisha masomo ya sanaa Makerere 1937 hakutaka wanafunzi wamwagiwe picha za Ulaya, alikuwa anawasimulia kitu wao wanachora kutoka kichwani. Akaja Cecil Todd 1958 akageuza, waone kila kitu, wasome na historia ya sanaa. Kwa hiyo mtoto aone nini na asione nini, hilo halijawahi kuisha. Ila mzazi wa Tororo nikuulize: ile sanamu ya Uhuru hapa Kampala, ya Gregory Maloba, mama kazungushiwa vitambaa mwili mzima kama bandeji na bado anamnyanyua mtoto juu. Tunapita pale, tunapiga selfi. Mbona mama kafungwa na mtoto yuko huru? Hakuna chungu kitakachokufundisha kuuliza hilo. Na lubugo, kitambaa cha gome, je, mnafundisha kupiga gome la mti wa mutuba mnanyamaza kwamba ni nguo ya msiba na ya kutawaza kabaka, mfalme wa Buganda?

Naibu hedimasta, Jinja

Mnaongea kirahisi. Mwalimu akileta bango la kampeni darasani atalisoma vipi bila kutaja njano ya chama tawala na nyekundu ya upinzani? Hii ni nchi ambayo 2019 kofia nyekundu iliingizwa kwenye mavazi ya jeshi, raia haruhusiwi kuivaa. Mzazi mmoja akipiga simu mahali fulani, anayeitwa kujieleza ni mimi, siyo mtaala.

Mwalimu wa sanaa, Busia

Naibu, umetaja mfano mzuri kuliko wangu wote. Kama rangi ya kofia ina uzito huo, utamwambiaje mtoto rangi ni mapambo? Ila nimekuelewa, nitaanza na kuta za simu na lubugo, siasa ije S.4 na barua ya shule mkononi. Kuiacha kabisa sikubali, hao wakimaliza tu ni wapiga kura.

Mzazi, kuhusu 19 za bure uko sahihi kabisa na ndiyo maana nataka kila mtoto awe na faili: picha aliyoisoma, nusu ukurasa wa maandishi, na sauti yake imerekodiwa kwenye simu akijibu maswali. Shule mbili tunabadilishana mafaili, mimi nasahihisha wa kwako wewe wa kwangu. Kudanganya bado kunawezekana lakini kunachosha.

Fundi, tutakuja Jumamosi, andaa uzi.

Mwalimu wa chungu na ndizi

Ndio mimi mnayenisema. Swali moja tu. Kuna kijana darasani kwetu, unamjua, anachora kuwashinda wote na mdomo hafungui. Hiyo sauti ya kurekodi utampa ngapi?

Mwalimu wa sanaa, Busia

Huyo simrekodi. Achague tangazo lolote la hapa mjini, achore jibu lake, tuviweke pamoja nisahihishe jibu. Na kivuli nitakuachia wewe ukisahihishe.