Mrejesho: nyanya zilizokuwa zinaoza kitako

Wakuu, niliuliza kuhusu nyanya zangu za bustanini zilizokuwa zikipata doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Aliyesema si ugonjwa, ni tunda kukosa kalsiamu kwa sababu maji hayafiki kwa mpangilio, alikuwa sahihi kabisa. Udongo ukikauka, mizizi inashindwa kupandisha madini hayo hata kama yamejaa ardhini. Sikupulizia dawa yoyote. Nilitandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, nikawa namwagilia kila asubuhi kwa kiasi kilekile. Zilizokwisha kuharibika hazikupona, nilizichuma zote. Lakini zilizofuata zimetoka safi, zimejaa, zinapendeza mno! Asanteni sana, hasa kwa ushauri wa nyasi. Bilinganya nazo nimeshazitandazia.