Droni na Sukhoi: ipi inachukua nafasi ya nyingine?

Kijana wa Kamalondo (Lubumbashi):

Jambo kwenu wakubwa. Kwenye mjadala wetu wa Jumamosi kundi moja linasema droni imeshaizika ndege ya rubani. Kundi la pili linasema droni ni kitu cha watoto mbele ya Sukhoi-25, ile ndege ya kivita ya Kirusi yenye rubani. Nimekusanya tarakimu: droni ya Kituruki Bayraktar TB2 inakaa hewani hadi saa 27 na inabeba kilo 150; Sukhoi-25 inabeba kilo 4,000 na zaidi, mbio zake zinafika kilomita 950 kwa saa. Nimezipanga, nimezipangua, bado hazinipi jibu. Naomba mnieleze kila moja inafanya kazi gani hasa, nini kinaiangusha, na kwa nchi ya milima kama Kivu hesabu inabadilika namna gani.

Fundi Mabawa (Goma):

Mdogo wangu, hazikupi jibu kwa sababu hazifanyi kazi moja. Sukhoi kazi yake ni uzito na haraka. Droni kazi yake ni kukaa.

Chukua mahali palipo kilomita 150 kutoka uwanja. Sukhoi ikienda kilomita 700 kwa saa inafika kwa dakika 13, lakini ikiwa na mabomu haiwezi kuzunguka pale muda mrefu. Mafuta yanairudisha nyumbani. TB2 inasafiri kama kilomita 130 kwa saa, kwa hiyo inatumia saa moja na dakika kumi. Ukizirusha pamoja, droni inaonekana haifai kitu. Ila droni hairushwi watu wanapopiga kelele za kuomba msaada. Inakuwa iko pale tangu jana jioni. Zile saa 27 lakini usizichukue zote: toa kwenda na kurudi, toa akiba ya mafuta, toa uzito wa silaha. Mimi nikipanga huhesabu saa 18, sizidishi.

Silaha nazo: TB2 ina sehemu nne za kutundika, na MAM-L moja, bomu lake dogo la kuongozwa, ina kilo 22. Hiyo inatosha kwa lori au mzinga mmoja. Kwa daraja au handaki la zege haitoshi, hata ukipiga katikati kabisa. Sukhoi inabeba mabomu ya kilo 250, roketi za milimita 80 zinazopangwa 20 katika kila kasha, na mzinga wa milimita 30 wenye risasi 250. Katikati yao iko Reaper, droni kubwa ya Marekani, yenye uzito wa hadi kilo 4,763 ikiruka na mzigo wa kilo 1,700. Kwenye mjadala msizitie TB2 na Reaper katika kapu moja, mtapotea wote.

Sasa hewa yetu. Uwanja wa Goma uko mita 1,550 juu ya bahari. Mchana wa digrii 26 hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,300. Luano, uwanja wa Lubumbashi, iko kwenye mita 1,300, lakini joto la digrii 32 la Oktoba linaifikisha karibu hapo hapo. Moteri ya pistoni isiyo na turbo inapoteza zaidi ya asilimia 20 ya nguvu, bawa linadai mbio zaidi kabla ya kuinuka, na njia ya kurukia inayotosha pwani hapa inageuka fupi. Dawa ni mbili: ruka alfajiri, au punguza mafuta ama silaha. Ukipunguza mafuta umekula zile saa ulizonunulia droni. Sukhoi nayo inapoteza nguvu, lakini inaanza na moteri mbili za jeti.

Mama Antena (Bukavu):

Fundi amemaliza bawa, mimi naingia kwenye waya usioonekana. Droni za Kivu adui wao wa kwanza ni mlima.

TB2 ya kawaida inaongozwa kwa redio inayokwenda moja kwa moja, antena hadi ndege. Ili kujua upeo wake, chukua kimo cha ndege juu ya antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikijizidisha yenyewe inarudisha kimo hicho), zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mita 4,000 zinakupa kama 260. Kwenye tambarare za Katanga hesabu hiyo inakaa vizuri. Weka antena hiyo hiyo uwanja wa Goma, uelekee kaskazini: mlima Nyiragongo wenye mita 3,470 uko kilomita 17 mbele yako na unatupa kivuli cha redio. Droni iliyo nyuma yake, kilomita 40 kutoka antena, lazima iwe juu ya mita 6,200 ndipo isikie amri. Ikifika kilomita 60, inadai zaidi ya 8,400, na huko TB2 haifiki. Rubani wa Sukhoi anapita nyuma ya mlima huo huo, redio inanyamaza dakika chache, na yeye anaendelea na kazi kwa macho yake.

Unaweza kupandisha antena mlimani, kurusha droni ya pili ipokee na kupitisha mawimbi, au kukodi setelaiti. Setelaiti inaleta ucheleweshaji: picha inakwenda, amri inarudi, sekunde moja na zaidi imepita. Kwa kuzunguka na kutazama si neno. Kwa kutua ni hatari, maana unasahihisha kosa ambalo limeshapita. Pua inapanda, unashusha, inazidi kushuka, mpaka magurudumu yanavunjika. Ndiyo sababu Reaper kwa miaka mingi imetumia timu mbili: moja kando ya uwanja inarusha na kutua kwa redio ya moja kwa moja, ya pili iko mbali sana na inaipokea ikiwa hewani. Hata zile droni za Falco zisizo na silaha ambazo MONUSCO, jeshi la Umoja wa Mataifa, ilianza kurusha kutoka Goma Desemba 2013, moja ilianguka uwanjani hapo hapo Januari 2014.

Mawasiliano yakikatika, droni inafuata njia iliyopangwa kabla ya kuruka: inapanda, inazunguka ikingoja, kisha inarudi. Kosa linalorudiwa ni kuchora njia hiyo kama mstari mnyoofu bila kutazama ramani ya vimo. Mlima Karisimbi una mita 4,507 na Mikeno 4,437. Kimo cha kurudi kiwe juu ya kilele kirefu kuliko vyote vilivyo kwenye mstari, na kikaguliwe upya kila mara uwanja wa kutua unapobadilishwa.

Hata wenye fedha yanawapata. Septemba 2009 Reaper moja ilikataa amri juu ya Afghanistan, ikawa inaelekea kutoka nje ya nchi. Marekani ilituma ndege ya kivita F-15E, yenye watu wawili ndani, ikaipiga. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba wapiganaji wa Irak walikuwa wanatazama video za Predator, droni nyingine ya Marekani, kwa programu ya bei ndogo, kwa sababu video ilirushwa wazi bila kufungwa kwa siri.

Mzee Luano (Lubumbashi):

Mama Antena, aksanti. Mimi naongeza watu. Hilo neno "isiyo na rubani" linawadanganya wanaopanga bajeti. Reaper ina rubani na mwendesha kamera, wamekaa chini tu. Ili mahali pamoja patazamwe mchana na usiku, Marekani inahesabu ndege nne: moja iko juu, moja njiani, moja inaandaliwa, moja kwa mafundi. Ukijumlisha zamu, mafundi na wanaosoma picha, wanapita 150. Nchi inayonunua ndege bila kununua watu hao itaziona zimeegeshwa miezi sita baadaye, na kwanza kitakachokosekana ni kamera ya akiba na propela iliyoliwa na changarawe.

Kuhusu kuangushwa: Januari 24, 2023, Sukhoi-25 ya FARDC, jeshi la Kongo, ilipigwa kombora juu ya Goma kutoka upande wa Rwanda, ikawaka upande wa moteri moja, na bado ikatua. Moteri zake mbili zimetenganishwa na rubani amekaa ndani ya beseni la titani. Droni ya moteri moja haina kinga hiyo. Inategemea kimo. Kombora la begani kama Igla linafika kama mita 3,500, lakini hizo zinahesabiwa kutoka kwa aliyelibeba. Akisimama kwenye mgongo wa mlima wa mita 2,400, linafika 5,900, na TB2 kwa kawaida inafanya kazi karibu na 5,500. Kwa hiyo vimo vya vitabuni, vilivyopimwa kutoka baharini, huku havimlindi mtu.

Na msisahau rada. Mwaka 2020 huko Nagorno-Karabakh, Azerbaijan ilirusha ndege za An-2 kuukuu zisizo na mtu ili ulinzi wa anga wa Armenia ufyatue na kujionyesha, ndipo TB2 zikaupiga. Huko Ukraine mwanzoni mwa 2022 TB2 zilipiga misafara ya Warusi, lakini Warusi walipopanga rada na makombora yao sawasawa, zikapungua sana kwenye mstari wa mbele.

Kijana wa Kamalondo:

Aksanti sana wazee wangu, nawe mama. Moja tu limebaki: droni inaweza kupigana na ndege angani?

Fundi Mabawa (Goma):

Ilijaribiwa. Desemba 2002 Predator iliyofungwa makombora ya Stinger ilikutana na MiG-25, ndege ya kivita ya Irak. Zote zilifyatua, Stinger ilikosa, Predator ikaanguka. Sababu si kombora tu. Kamera ya droni inaona kipande kidogo, kama mtu anayechungulia kwa tundu la mlango, wakati rubani anageuza shingo na kuona anga lote.

Watu husema droni haina mwili wa kuumia, basi itakata kona kali kuliko rubani, ambaye mwisho wake ni kama mara 9 za uzito wake. Kwa droni itakayobuniwa hivyo, sawa. Reaper ina mabawa marefu ya mita 20, membamba, ya kuokoa mafuta. Kona ya namna hiyo ingeyavunja. Machi 2023 juu ya Bahari Nyeusi, Su-27, ndege ya kivita ya Urusi, haikuhitaji hata kufyatua. Iligusa propela, na Wamarekani wakalazimika kuiangusha Reaper yao majini.