Treni za jangwani na milimani: tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Waliowahi kusafiri au kufanya kazi kwenye treni zinazokata jangwa au kupanda milima, karibuni mtusimulie. Naanza na treni ya madini ya Mauritania.

Reli ile ina kilomita 704, ilifunguliwa 1963 kusafirisha madini ya chuma kutoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou, na treni moja hufikia urefu wa kilomita mbili na nusu. Nilipandia Choum, kituo cha njiani. Behewa la abiria lilikuwa limejaa pomoni, tukakaa juu ya madini kama wenyeji wengi walivyofanya. Kilichonitisha ni mshtuko wa kuondoka. Kichwa kikivuta, viungio vinakaza behewa kwa behewa, na unausikia mlio ukija kwa mbali, unakuja, unakuja, mpaka unakurusha. Ukiusikia, kaa chini haraka na ushike ukingo. Vumbi lake hupenya hata kitambaa ulichojifunga usoni, na usiku baridi ni kali mno.

Mchangiaji 2
Mimi ni milima ya Tehachapi, California, Marekani. Njia ya pwani ilifungwa kwa matengenezo, treni yetu ya abiria ikapitishwa huko, kwenye reli ambayo kwa kawaida ni ya mizigo tu. Mahali pamoja reli inazunguka kilima na kupita juu yake yenyewe, ikipanda mita 23. Tulisimama kupisha treni ya mizigo: vichwa vyake vinapita juu, mabehewa yake bado yanaingia handakini chini! Na njia hiyo ni ya 1876. Vibarua wa Kichina waliichimba kwa sururu na baruti. Wanastahili kutajwa.

Mchangiaji 3
Nimeendesha treni za mizigo milimani. Abiria huogopa kupanda. Sisi tunaogopa kushuka. Ikishindwa kupanda, inasimama. Breki za upepo ukizikamata na kuziachia ovyo, matangi ya upepo ya mabehewa hayawahi kujaa tena, na mteremko bado upo. Kwa hiyo mwendo unapunguzwa kileleni kabisa, kisha unatumia mota: zilezile zinazozungusha magurudumu zinageuka kuzalisha umeme, nguvu hiyo inazuia treni, na umeme unaishia kuwa joto kwenye kichwa. Feni zake hapo zinavuma hadi huwezi kuongea.

Kupanda kwenye reli yenye unyevu tunamwaga mchanga mbele ya magurudumu ili yasiteleze. Mchanga huohuo ukilala juu ya reli jangwani, unazila.

Mleta mada
Mkuu, treni ndefu ikiwa nusu inashuka, nusu bado inapanda?

Mchangiaji 3
Hapo ndipo kazi ilipo. Mbele inavuta kwa uzito wake, nyuma inarudi kwa uzito wake, na mvutano wote unabebwa na viungio vya kileleni. Ukiongeza nguvu kwa pupa, kimoja kinakatika. Ndiyo maana treni nzito huwekewa vichwa vingine katikati au nyuma visukume.