Ushauri: nina mzigo Goma, nifuate au nisubiri?

Jongoo wa Mvua (Jumatatu 24 Februari 2025, saa 4:12 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri wa wanaoijua njia ya Goma. Matusi niwekeeni ya baadaye.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo. Tangu 2019 natoa vitenge Kariakoo, napitia Rusumo na Kigali, nashusha Goma, mashariki mwa Kongo. Nina mzigo kule tangu Desemba. Waasi wa M23 walipouchukua mji tarehe 27 mwezi uliopita nilijipa moyo kwamba itakuwa kama 2012, walikaa siku kumi na moja wakatoka. Sasa na Bukavu imekwenda tarehe 16, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, benki zimefungwa, na sioni anayefungasha virago.

Swali langu ni moja tu. Mtu anaweza kuingia Goma kwa barabara, akakaa siku mbili tatu, akatoka salama? Silali wiki ya nne sasa.

Kipanga Mweusi

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

Dereva wa Masafa

Mkuu, mimi nashusha Kigali mara mbili kwa mwezi. Hadi Rubavu, kwenye mji wa Gisenyi upande wa Rwanda, barabara haina neno. Mpaka wenyewe unavukwa kila siku, nenda pale Petite Barrière asubuhi uwaone akina mama na ndoo zao za nyanya. Vita haijawafundisha kukaa nyumbani, maana wakikaa hawali. Kilichobadilika ni mgonga muhuri. Upande wa Goma dirishani wamekaa watu wa M23, na wewe unakuja na pasipoti ya Tanzania wakati askari wetu wa SADC wamezingirwa kambini hukohuko. Hapo ndipo ningesita.

Mzigo ni marobota mangapi? Kama una wakala, akuvushie Gisenyi uchukulie hapo, usivuke.

Mzalendo 2013

Mnahesabu marobota wakati nchi ya watu inamegwa! Kabla hujauliza njia, uelewe kwanza vita yenyewe.

Hawa jamaa tuliwapiga 2013. Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya kushambulia, Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, kamanda wake akiwa jenerali wetu. Kuanzia vile vilima vya Kibati hadi Chanzu na Runyonyi, Novemba 2013 wakasalimu amri wakakimbilia Uganda na Rwanda. Kosa lilikuwa kudhani wameisha. Mwishoni mwa 2021 wakaibuka, Juni 2022 wakachukua Bunagana, 2024 wakakaa juu ya koltani ya Rubaya, wakawa na mfuko usiokauka.

Sasa tazama Goma ilivyokaa. Kusini ziwa, kaskazini mlima Nyiragongo, mashariki mpaka wa Rwanda. Njia ya kupumulia ni magharibi tu, kupitia Sake. Ndiyo maana Januari hawakukimbilia mji. Walianza na Minova tarehe 21, wakakata njia ya chakula ya ziwani, kisha Sake, na siku hizohizo gavana wa kijeshi, Jenerali Cirimwami, akauawa mstari wa mbele. Mji ulikuwa umeshakabwa koo kabla risasi ya kwanza haijalia katikati yake. Serikali ilikuwa na FARDC (jeshi la Kongo), wanamgambo wa Wazalendo, Warundi, SADC, hadi mamluki wa Kiromania, na kila mmoja anasikiliza redio yake. Wale Waromania uliwaona walivyovushwa kwenda Rwanda mikono mitupu?

Najua sijajibu swali lako.

Kipanga Mweusi

Mzee umejibu swali la mtihani wa kidato cha sita, jamaa kauliza nauli.

MamaTatu

Nimesoma mara mbili. Mleta mada umeulizwa marobota mangapi, hujajibu. Mimi nauza vitenge Mbagala mwaka wa kumi na moja, nimeshaunguliwa duka na nimeshadhulumiwa na wakala wa Lubumbashi. Mzigo ukipotea unalia siku tatu, ya nne unakwenda kukopa. Wiki nne za kukosa usingizi si za vitenge. Una nini Goma?

Jongoo wa Mvua

Marobota yalikuwa manne. Depo ilivunjwa tarehe 28, watu wakabeba kila kitu, hata maghala ya misaada hayakubaki. Hayo nimeshasamehe.

Ukweli nina mama mtoto kule. Mtoto ana miezi kumi. Nyumbani Dar nina mke na watoto wawili na hawajui. Sikutaka kuandika hilo kwa sababu najua uzi utakwenda wapi.

MamaTatu

Na utakwenda hukohuko. Miaka sita unaaga "naenda kwenye mzigo", mwenzio anakufungia chapati za safari. Kabla hujaomba ruhusa ya M23, omba ya mkeo. Ukifa huko, nani atakuja kuniambia mimi, samahani, kumwambia yeye, kwamba kuna mtoto wa tatu?

Kipanga Mweusi

"Kuniambia mimi." MamaTatu, uko salama dada?

MamaTatu

Niko salama. Wangu alikuwa Tunduma. Endeleeni.

Mzee wa Ujiji

Wanangu, msimcheke. 1996 Uvira ilipoanguka, mwezi wa kumi, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa maboti na mitumbwi mpaka Kigoma. Marehemu baba alimpokea bwana mmoja fundi cherehani. Alikuja na mashine kichwani na ufunguo wa nyumba shingoni, amefunga kwa kamba ya kiatu. Akasema anaomba siku mbili. Mobutu akaondoka Mei 1997, tukamwambia haya, kumekucha. Akaenda, 1998 akarudi na ufunguo uleule. Alikaa nasi miaka tisa. Kanzu zetu zote za Idi ni mkono wake. Siku anaondoka kabisa aliniachia mashine, ufunguo akaondoka nao. Nyumba yenyewe alishaambiwa haina hata mlango.

Nilitaka kusema kitu kuhusu kusubiri lakini kimenitoka. Umri.

Nyota ya Kivu

Mi niko Goma. Naandika Kiswahili chenu polepole, msinicheke.

Kaka, usiogope sana na usizoee sana. Siku za kwanza hatukuwa na maji wala umeme, tulichota ziwani na maiti ziko njiani. UN ilisema 2,000 zimezikwa na 900 ziko mochwari, sisi tulizipita tukienda kuchota maji. Leo soko inafanya kazi, moto (pikipiki) zinatembea. Pesa ndiyo shida. Benki zimefunga, mwenye mshahara wake anavuka Gisenyi kuutafuta, anarudi na dola zimekatwa. Usiku watu wanabisha mlango, huulizi ni nani.

Mwanamke na mtoto wanaweza kuvuka barrière kwa miguu. Si lazima wewe kuingia. Kwa nini hujamwambia avuke?

Dereva wa Masafa

Hilo ndilo swali. Akivuka mkutane Rubavu, siku ya pili mko Rusumo. Wewe unaingia kufanya nini?

Jongoo wa Mvua (Jumatano 26 Februari, saa 5:08 usiku)

*[Ujumbe huu umehaririwa na mwandishi saa 5:40 usiku]*

Nimefuta. Samahanini.

Kipanga Mweusi

> *Jongoo wa Mvua alisema:* Nimemwambia, hataki. Kaka yake alikuwa FARDC, alikuja usiku wa tarehe 27 bila gwanda wala kiatu, yupo chumba cha ndani mpaka leo. Anasema akivuka yeye, kaka atapikiwa na nani. Ameniambia nisije, nikija nitaleta macho. Ila tiketi ya Kigali nimeshakata, ya kesho alfajiri. Nipo Birere kila mwaka, majirani wananijua, siwezi kuonekana mgeni.

Aisee. Hii sasa si vitenge.

Nyota ya Kivu

Kipanga, toa hiyo. Tafadhali toa. Hapa wanasoma. Askari waliojitokeza walikusanywa uwanja wa Unité, wakapandishwa malori kwenda kambi ya Rumangabo kufundishwa upya. Wasiojitokeza wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Umeandika mpaka mtaa!

Kipanga Mweusi

Niko kwenye simu dada, kitufe cha kuhariri sikioni. Wasimamizi saidieni.

Chuma Ulete

Mbona mnahangaika? Hii ni chai, leteni vitumbua.

Siku ya kwanza alikuwa na mzigo. Ya pili mzigo umeota miguu, umekuwa mama mtoto. Ya tatu kaongezwa shemeji komandoo bila viatu. Kesho bomba la mafuta. Halafu huyo mwanamke alimwambia saa ngapi kwamba kaka kaja usiku wa tarehe 27? Nyota mwenyewe kasema mji haukuwa na umeme, na mtandao ulikatwa. Alitumia njiwa?

Subirini tu, kesho inashuka namba ya simu na "wakuu chochote mlichojaaliwa".

Mzalendo 2013

Hata mimi nilishtuka. Askari hamwachi kaka yake... nina maana, askari hakimbilii kwa dada yake. Anarudi na kikosi.

Nyota ya Kivu

Kikosi gani, mzee? Makamanda walipanda maboti kwenda Bukavu usiku, askari wa chini wakaamka hawana wa kuwapa amri. Wengine walipeleka bunduki MONUSCO, kwa askari wa UN. Wengine walibisha kwa watu kuomba suruali. Nguo za kijeshi zilikuwa zinaokotwa barabarani kama majani.

Na hiyo ya simu si uongo. Birere iko mpakani kabisa, laini ya Rwanda inashika. Nusu ya mtaa wana laini mbili.

Chuma Ulete

Au wewe na yeye ni mtu mmoja mwenye laini mbili.

Kipanga Mweusi

😂😂 Hapo umemaliza.

MamaTatu

Chuma, mimi ndiye niliyemkaba mwanzo, lakini mwongo hafuti kitu kinachomfanya aaminike. Huyu kafuta.

Chuma Ulete

Mwongo mzuri hufuta, dada. Nimeishi nao.

Jongoo wa Mvua (Alhamisi 27 Februari, saa 10:50 alfajiri)

Sihitaji mchango wa mtu na sina namba ya kuweka. Siwezi kuleta ushahidi, maana ushahidi wenyewe ndio utakaomuua mtu. Aonaye ni chai anywe.

Niko Ubungo, basi linapakia. Sijaja kuomba ruhusa, nilitaka kujua njia tu. Mnisome vizuri: mtoto wangu hajaniona tangu Desemba. Siwezi kukaa Tandika napima mita sita sita huku nikisubiri wakubwa wamalize vikao. Tarehe 8 marais wa EAC na SADC walikutana hapahapa Dar, wakasema mapigano yasimame na uwanja wa ndege ufunguliwe. Siku nane baadaye Bukavu ikachukuliwa.

Dereva wa Masafa

Mkuu, ushajua kila kitu ulichouliza. Kilichobaki ni kaburi au kikombe.

Rusumo usibadilishe hela kwa vijana wa nje. Na kitambulisho cha biashara weka juu, wakiuliza sema vitenge. Usitaje familia.

Mzalendo 2013 (saa 10:20 jioni)

Mmeona Bukavu? Milipuko kwenye mkutano wa Nangaa, kiongozi wa muungano wenye M23, uwanja wa Uhuru, watu wamekufa. Kila upande unamtupia mwenzake. Jongoo, kama unasoma, teremka hapohapo ulipo.

Mzee wa Ujiji

Bukavu si Goma, Mzalendo. Lakini sauti ya bomu haiangalii ramani. Leo Goma kila mwenye bunduki atakuwa mkali. Mwanangu, usivuke wiki hii.

Chuma Ulete

Anateremka wapi wakati yuko kitandani kwake Tandika?

Jongoo wa Mvua (saa 3:35 usiku)

Niko Singida, tumesimama kula. Nimesikia ya Bukavu kwenye redio ya basi.

MamaTatu, nimempigia mke wangu kutoka Dodoma. Nimemwambia yote. Alivyopokea sitaandika hapa.

Nyota, mama mtoto amekubali jambo moja tu. Atakuja mpaka Gisenyi na mtoto siku moja, tuonane, kisha atarudi. Nimebishana naye dakika arobaini. Kwa hiyo sivuki. Najua mtasema ndicho mlichoshauri tangu mwanzo.

Chuma Ulete

Piga picha ya basi.

Jongoo wa Mvua

Sipigi.

Nyota ya Kivu

Vizuri, kaka. Usimng'ang'anize abaki Gisenyi, asije akaogopa kuja kabisa. Aje asubuhi na watu wa soko, abebe kikapu, mtoto mgongoni, arudi mapema.

Na usilete vitenge, hapa hakuna mwenye pesa ya kitenge. Leta sabuni, dawa ya kutibu maji na maziwa ya mtoto. Maziwa yamepanda vibaya.

Jongoo wa Mvua

Maziwa ya aina gani? Kigali nitapata ya miezi kumi, au ninunue hapahapa Kahama kabla ya mpaka?

Dereva wa Masafa

Kahama. Basi likisimama asubuhi, maduka yako upande wa kushoto wa stendi. Una dakika kumi na tano, usimwamini konda akikwambia thelathini.