Maji ya farasi wakati wa baridi: hita ya hodhi, ndoo za umeme au shoka? (Minnesota)

Mwenye_Zizi
Wadau, naomba ulinganisho kabla ya Desemba. Shamba liko kusini mwa Minnesota. Farasi wanne wa kilo 500 hivi, wawili wana viatu vya chuma, wawili kwato tupu. Mchana wako uwanjani, usiku bandani. Hodhi ni la plastiki, lita 380. Banda lina laini moja ya umeme, breka ya ampea 15. Nachagua kati ya hita ya wati 1500 ya kuzamisha, ndoo za umeme za lita 19, na kuvunja barafu kwa mkono. Pia njia ya kutoka bandani hadi getini kila Januari hugeuka kioo: chumvi, mchanga au majivu?

FundiBomba
Laini yako ya umeme ndiyo itakayokuamulia. Wati 1500 kwa volti 120 ni ampea 12.5. Mzigo unaowaka saa nyingi mfululizo haupaswi kuzidi asilimia 80 ya breka, na kwa breka ya 15 hiyo ni ampea 12. Hita peke yake imeshapita, hata taa ya banda hujawasha. Novemba themostati (kidhibiti joto cha hita) inakatakata na hutaona tatizo. Tatizo litakuja usiku wa nyuzi -25, hita ikiwaka bila kupumzika: breka inaanguka na asubuhi hodhi lote ni jiwe. Ama uvute laini mpya ya ampea 20 ya hita tu, ama uchukue ndoo.

Ndoo moja hula wati 120 hivi, kwa hiyo nne hazifiki ampea 5. Zikiwaka saa 24 ni yuniti 11 na nusu. Hita ikiwaka muda huo huo ni yuniti 36. Vyote vichomekwe kwenye soketi inayojikata umeme ukivuja. Na tafadhali, si ekstensheni nyembamba ya sebuleni iliyolazwa juu ya theluji.

MamaKwato
Hesabu nzuri, mkuu, ila umesahau midomo. Farasi wa kilo 500 anataka kama lita 38 kwa siku, na baridi ndiyo wakati anaokula nyasi kavu tupu. Ndoo ya lita 19 ni nusu ya hapo. Kwa farasi wanne unabeba ndoo nane kila siku, juu ya barafu ile ile unayoilalamikia. Mimi ningevuta laini mpya, niweke hita hodhini, na ndoo zibaki za bandani usiku.

Hita chagua ile inayopita kwenye tundu la kutolea maji upande wa chini wa hodhi. Waya unatokea nje, mbali na meno. Ya kuelea farasi huigeuza mchezo, wanaing'oa na kuitupa nje. Ya kuzama inafaa pia, lakini kwa hodhi la plastiki lazima iwe na kizimba cha waya. Chuma chenye moto kikigusa plastiki kinaitoboa.

Halafu punguza kazi ya hita. Zungushia hodhi povu gumu (foam) la kuzuia baridi la sentimita 5, lifunike kwa mbao maana farasi watalila. Juu weka kifuniko cha plaiwudi kinachoziba robo tatu ya uso wa maji. Joto jingi hupotelea juu, si ubavuni.

BaridiKali
Shoka lisidharauliwe, umeme ukikatika ndilo litabaki. Ila lifanywe sawasawa: asubuhi na jioni, na vipande vya barafu vitolewe kwa kichujio au chepe lenye matundu. Ukiviacha vikielea vinashikana tena haraka. Plastiki ngumu hupasuka ikigongwa kwenye baridi kali. Beseni la mpira unaligeuza, unalikanyaga ubavuni, na barafu inatoka nzima.

Kasoro kubwa ni kwamba maji yaliyo karibu kuganda farasi huyanywa kidogo. Yakipashwa moto kiasi wanakunywa zaidi. Akinywa kidogo huku anakula makavu, chakula kinakauka na kukwama utumboni, hiyo ndiyo koliki (maumivu makali ya tumbo) ya baridi. Na wanaosema "atalamba theluji": theluji mpya ndoo kumi hutoa kama ndoo moja ya maji. Chupa za maji ya chumvi zinazoelea hodhini nazo zinasaidia baridi ikiwa ndogo tu. Kwa Januari ya Minnesota, sahau.

FundiBomba
MamaKwato, kwa matumizi ya uwanjani nakubali, mradi laini ivutwe kwanza.

Niongeze kuhusu bomba la kusimama la uwanjani. Vali yake iko chini, na ukifunga, maji yaliyobaki kwenye nguzo hushuka na kutokea kwenye kitundu cha chini kwenda kwenye kokoto. Mpira wa kupitishia maji ukiachwa umefungwa mdomoni, hewa haiingii, maji hayashuki, nguzo inapasuka. Mpango ni: jaza, funga kabisa, ng'oa mpira, umwage maji yake, uuingize ndani. Ukiacha mkono wa bomba haujafika mwisho, maji yanavuja chini mfululizo mpaka kokoto zinajaa, na hapo hata ukifunga vizuri hayana pa kwenda.

Misingi ya nyumba huko kusini huchimbwa inchi 42, kaskazini 60. Bomba liende chini zaidi, kwa sababu ardhi inayokanyagwa na kukwanguliwa theluji huganda kwa kina kuliko iliyofunikwa.

NjiaSalama
Kwenye njia, mchanga wenye chembe kubwa au kokoto ndogo. Usiumwage mkavu tu, upepo na kwato vitauondoa. Ulowanishe kwa maji ya moto kwanza, chembe zizame kidogo kwenye barafu na kugandia humo. Baada ya muda mfupi unatembea kama juu ya msasa.

Chumvi ya kawaida huchoka ikifika nyuzi -9 hivi. Kalsiamu kloridi inaenda chini zaidi, lakini inakausha ngozi na kwato. Iwekwe mlangoni pa watu tu. Majivu yanashika vizuri, yakae kwanza siku kadhaa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, kaa moja likiwa hai linachoma banda. Maranda usiyatumie kabisa, yanateleza pamoja na mguu.

Onyo: usimwage mchanga mahali farasi wanapolishwa. Wakiokota nyasi chini wanameza mchanga, nao una koliki yake.

MamaKwato
Wale wawili wenye viatu, mwite fundi wa kwato avivue ikiwa hawana kazi ya kupandwa. Kwato tupu hushika vizuri zaidi, wala theluji haijikusanyi mipira chini yake. Wakibaki navyo, wawekewe pedi za kusukuma theluji na vyuma vya kushika barafu. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Mwenye_Zizi
Laini ya ampea 20 nimeikubali. Swali moja: hita ikiwaka vizuri, maji hayajaganda, lakini farasi wanasogea, wananusa na kurudi nyuma?

FundiBomba
Huenda umeme unavuja majini. Chomoa kwanza, wape maji ya ndoo. Kisha chomeka bila farasi karibu, weka ncha moja ya mita ndani ya maji na nyingine kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini pale wanaposimama. Volti chache tu zinatosha kuwafukuza. Ikisoma chochote, hita hiyo itupe, usiibandike utepe, na fundi umeme akague waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) kabla ya kuweka mpya.