Naomba ushauri: Mashine ya kufungasha dawa za cheti katika famasi kubwa

Wataalamu wenzangu, heshima kwenu. Ninasimamia famasi kubwa Kariakoo, ambako vidonge vya makopo bado tunavihesabu kwenye trei, tunavitia katika bahasha na kuandika 1x3 kwa mkono, kazi ambayo foleni ya jioni ikirefuka hunitia hofu ya kweli kwa ajili ya mgonjwa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilitangaza mwaka 2011 roboti zinazochukua dawa, kuzifungasha na kuiwekea kila dozi msimbo pau, yaani mistari inayosomwa na mashine. Kwetu, ambako dawa nyingi huja tayari zimo kwenye pakiti zake, je, nianze na mashine ndogo ya kuhesabu pamoja na kisoma msimbo, au mtambo kamili wa roboti kama huo? Zaidi ya yote naomba kujua: umeme ukikatika katikati ya oda, mtambo hukumbuka ulipoishia, na matengenezo yake hapa Dar hufanywa na nani?