Studio ya mjini imeniharibia sahani za santuri za marehemu ami yangu, na bado naambiwa "si ushapewa fleshi?"

Assalaam alaykum wadau. Nina hasira, sitozunguka.

Marehemu ami yangu aliniachia sanduku la sahani za santuri 41. Zile nzito za 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni 23, zilizobaki ni ndogo za 45, baadhi zina lebo ya Mzuri ya Mombasa. Alizikusanya tangu ujana wake Kikwajuni. Kila Ijumaa baada ya sala ya laasiri akizifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, na sisi watoto tukikatazwa hata kulikaribia sanduku. Alipougua akaniita, akanambia, "Wewe ndo mpiga muziki wa nyumba hii, chukua, lakini usizigawe." Sikuzigawa. Nilizipeleka kwa watu ambao nilidhani wanaijua kazi yao.

Ni studio moja hapa mjini, wanatangaza kuhamisha santuri, kanda na mikanda ya video ya zamani kwenda dijitali. Sahani moja shilingi 5,000. Nikalipa 205,000 taslimu, nikaambiwa wiki mbili. Ikaingia wiki ya tano, kila nikipiga simu ni "njoo kesho kaka". Siku nilopewa sanduku langu, sahani 14 katika zile 23 zimepauka, juu zina utando mweupe, ukipitisha kidole kinanata. Nikauliza mmezifanya nini. Kijana akanijibu bila wasiwasi wowote: "Zilikuwa chafu, tukazisugua na spiriti."

Spiriti! Yakhe, sahani za 78 za zama zile si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe. Na shelaki huyeyushwa na spiriti. Seremala anayepiga polishi ya kizamani ndivyo anavyoitengeneza: anairoweka shelaki kwenye spiriti mpaka iyeyuke. Sahani za plastiki zilizokuja baadaye zinaweza kustahamili, hizi haziwezi. Waliposugua, walikuwa wanaifuta ile mistari inayobeba sauti. Huko hakurudishiki.

Nikasema basi, angalau sauti imo kwenye fleshi. Nikaenda nyumbani nikaifungua. Wallahi nililia.

Mashine yao ni Technics SL-1200MK2. Mashine nzuri, mie mwenyewe nimejifunzia hiyo, lakini ina mwendo wa 33 na 45 tu, 78 haina. Kwa hiyo wamezipiga sahani za 78 kwa mwendo wa 45, kisha wakaziharakisha kwenye kompyuta kwa kukisia. Nyimbo tatu sauti ya bibi muimbaji imekuwa ya mtoto, ganuni na udi vyote vimepanda, fidla ndo usiseme. Na sindano walotumia ni ya sahani za plastiki, nyembamba. Mstari wa 78 ni mpana, sindano ile inashuka mpaka chini kwenye uchafu na kutikisika humo, ndo maana wimbo mzima unasikia mchakacho na muimbaji yuko mbali nyuma. Juu ya hayo wameziweka MP3 ya 128, yaani sauti iliyobanwa mno, ambayo hata kwenye spika ndogo ya chumbani sikio linaikataa, seuze kwenye spika za ukumbini.

Nimerudi kudai. Mwenye studio akanambia, "Kaka, santuri zimekufa, DJ gani leo anapiga santuri? Wewe si una fleshi?"

Nataka kumjibu hapa mbele ya watu. Mie ni DJ, mwaka wa kumi na sita huu. Napiga harusi mjini, napiga ufukweni Paje na Nungwi, na napigia fleshi na laptopu kama wenzangu wote. Siwezi kupanda daladala na makasha ya sahani, na mchanga na unyevu wa pwani unazimaliza. Kwa madijei mambo hayo yalishaamuliwa zamani: Pioneer walitoa CDJ-1000, mashine ya madijei ya kupigia CD, mwaka 2001, Serato wakaleta Scratch Live, programu ya kupigia faili za laptopu, 2004, na Technics wenyewe waliacha kuitengeneza SL-1200 mwaka 2010. Sina ugomvi na dijitali. Ila mwaka 2016 Technics waliirudisha, na Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD, jambo ambalo halikutokea tangu 1987. Hicho ndicho kitu unachoniambia kimekufa?

Na hata zingekufa kweli, hizi za ami haziko mtandaoni. Nimetafuta kila mahala. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na leo tunamsikia kwa sababu kuna watu walizihifadhi zile sahani zake. Faili linatoka kwenye sahani. Ukinakili vibaya leo, kesho atakuja mwenye sindano sahihi na mashine sahihi anakili upya, muhimu sahani iwepo. Wao wamenakili vibaya na sahani wameiua, vyote viwili kwa siku moja, na pesa wamechukua. Sahani kumi na nne ambazo pengine hazipo kwa mtu mwengine yeyote.

Pesa zangu 205,000 nazitaka, na nataka wakiri kwa maandishi walichokifanya, wasije wakampokea mzee mwengine na sanduku lake. Jumatatu nakwenda kwa sheha, na sahani zote nabeba azione.

Wenye sahani majumbani, nakuombeni sana: kabla hujampa mtu, muulize anatumia sindano gani kwa 78, mashine yake ina mwendo wa 78 au haina, anasafishia nini, na faili atakupa WAV, ambayo sauti haijabanwa, au MP3. Akibabaika, funga sanduku lako urudi nyumbani.

Nina sahani tisa za 78 ambazo hazijaguswa na spiriti. Kama kuna mtu hapa Unguja au Pemba ana mashine ya mwendo wa 78 na sindano yake, nitumie ujumbe. Nitakuja nazo mwenyewe, na nitakaa hapo hapo mpaka ya mwisho imalizike.